Kosa la Kuipima Newala kwa Roma Isiyokuwapo

Ipo rai iliyoenea sana katika nchi yetu, na kwa kuenea kwake imezoeleka, na kwa kuzoeleka kwake haihojiwi tena, ya kwamba watu wa Masasi na Newala, Wamakonde wa uwanda wa juu pamoja na Wayao na Wamakua wa nchi iliyo chini yake, walikuwa kabla ya kufika wageni kaumu isiyo na serikali, isiyo na dini, wala taratibu ya maisha inayostahili kuitwa ustaarabu. Rai hii husikika pwani, ambako mtu wa bara alihesabiwa mshenzi kwa muda mrefu. Husikika shuleni, ambako mtoto huondoka darasani akiamini kwamba serikali ilianza na boma la Wajerumani na dini ikaanza na misheni. Na, jambo linalonihuzunisha kuliko yote, husikika uwandani kwenyewe, katika vinywa vya vijana wanaoona haya kutaja yale waliyoyatenda bibi na babu zao.

Insafu hutaka rai ya mpinzani isemwe kwa nguvu zake zote kabla ya kujibiwa, nami nitaisema kama wanavyoisema wenyewe. Serikali, husema, ni mamlaka moja inayosikilizwa na wote, na uwandani kila makao yalijisikiliza yenyewe, hata Wangoni walipokuja kuteka hapakuwa na jeshi la kuwazuia. Sheria ni amri iliyoandikwa, na uwandani hapakuwa na kalamu. Dini ni imani yenye kitabu, nyumba ya ibada na watumishi waliofundishwa, na uwandani palikuwa na unga uliomwagwa chini ya mti na hofu ya wafu. Ama maisha ya kila siku, watu walikaa katika nyumba za fito, wakala panya, wakateremka mwendo wa saa nyingi kutafuta maji. Kisha, ili kuutia muhuri ushahidi wao, huwaleta Warumi wa kale: hao, miaka elfu mbili iliyopita, walikuwa na seneti, sheria, mahekalu na mifereji ya maji, basi Newala ilikuwa na nini?

Mimi naukubali mfano wa Warumi, tena naukubali kwa moyo wote, kwa sharti moja tu: Roma itakayowekwa katika mizani iwe ile iliyokuwapo, si ile iliyotengenezwa kwa picha za nguzo na sanamu. Maana nimeona kwamba wenye rai hii huzitazama desturi zilizo sawa kwa macho mawili, wakaiita moja hekima kwa kuwa ilitendeka kando ya mto Tiber, na nyingine upumbavu kwa kuwa ilitendeka kaskazini ya mto Ruvuma. Nitazijibu hoja zao moja baada ya moja.

1. Juu ya kukosa mfalme

Hoja ya kwanza ni kwamba pasipo mtawala mmoja hapana serikali. Kama hoja hii ni sahihi, basi Roma haikuwa na serikali katika muda ule ule ambao Warumi wenyewe waliuhesabu kuwa ndio fahari yao. Kwa mapokezi yao mfalme wa mwisho alifukuzwa mwaka 509 KK, na tangu hapo hata Augusto alipojikusanyia mamlaka mwaka 27 KK, muda wa karibu karne tano, jina la mfalme lilikuwa chukizo kwao. Mamlaka ya juu walipewa makonsuli wawili, kwa mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na haki ya kuizuia amri ya mwenzake. Na mji huo mkubwa haukuwa hata na polisi, bali mtu aliyedhulumiwa alitafuta haki yake kwa msaada wa jamaa na majirani. Hakuna mwalimu anayesema kwamba huko hapakuwa na serikali. Wote husema, na husema kweli, kwamba mamlaka yaligawanywa kwa makusudi ili asitokee mtu mmoja wa kuwakanyaga wengine.

Sasa tuutazame uwanda. Mtu aliyefyeka msitu na kuanzisha makao alikuwa mkulungwa, na nchi aliyoianzisha iliitwa chirambo, nayo ilikuwa na mipaka inayojulikana na majirani. Yeye, na baada yake mrithi wake wa upande wa mama, ndiye aliyewapa wageni ardhi ya kulima, ndiye aliyeongoza matambiko, ndiye aliyetoa idhini ya kufanyika jando, na ndiye aliyeketi pamoja na wazee kusikiliza magomvi. Askari wa kuwashurutisha watu hakuwa nao, wala watu hawakuwa wafungwa wake: aliyeona ameonewa aliweza kuwachukua jamaa zake na kwenda kuomba ardhi katika chirambo kingine, na mkulungwa aliyebakiwa na msitu pasipo watu alikuwa amekwisha kuhukumiwa pasipo kesi. Juu ya hayo palikuwapo litawa, yaani ukoo wa upande wa mama, lililowafungamanisha watu wa virambo vingi kwa wajibu wa kusaidiana katika fidia, mirathi, ndoa na misiba. Mamlaka yalikuwapo, na mipaka ya mamlaka ilikuwapo, na njia ya kumwajibisha mwenye mamlaka ilikuwapo. Anayetaka kitu zaidi ya hivyo ili akubali kwamba watu walijitawala, na atuambie ni kitu gani, kisha aonyeshe kwamba Roma ya makonsuli ilikuwa nacho.

Watajibu kwamba mamlaka yaliyogawanyika hayakuweza kuwazuia Wangoni. Na tuitazame habari hiyo kama ilivyotokea. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni waliivamia Masasi na kuiharibu misheni ya Kianglikana ya UMCA, ambayo Askofu Edward Steere aliianzisha mwaka 1876 kwa watu waliookolewa katika utumwa na kuletwa kutoka Unguja. Misheni hiyo ilikuwa na vitabu, ilikuwa na wasomi wa Oxford, na nyuma yake palikuwa na taifa lenye manowari katika bahari zote za dunia. Lakini siku ile haikuweza kujiokoa, ikabidi waliotekwa wakombolewe kwa nguo. Na baada ya maafa hayo Chauncy Maples na wenzake wa misheni hiyo walipanda Newala kukaa karibu na Matola, mkuu wa Kiyao ambaye watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamekwisha kuikimbilia hifadhi yake. Hapa pana mgongano ambao wenye rai hii hawajapata kuutatua: ikiwa Newala ilikuwa nchi isiyo na utawala, kwa nini watu wa taifa lenye utawala mkuu kuliko yote ya wakati ule walikwenda huko kutafuta amani?

2. Juu ya sheria isiyoandikwa

Hoja ya pili ni ya kalamu. Husemwa kwamba sheria isiyoandikwa si sheria, kwa kuwa hugeuka kwa mapenzi ya mwenye nguvu. Hatari hiyo ipo, wala siikatai. Lakini kwa hesabu ya Warumi wenyewe mji wao ulijengwa mwaka 753 KK, na Mbao Kumi na Mbili, sheria yao ya kwanza iliyoandikwa, zilitolewa mnamo 451 na 450 KK. Yaani kwa miaka mia tatu waliishi kwa sheria iliyokaa katika vichwa vya makuhani na watu wa koo kubwa. Je, kwa miaka hiyo mia tatu walikuwa washenzi? Na walipoiandika, waliandika nini? Waliandika kwamba mdaiwa asiyeweza kulipa aweza kufungwa kwa minyororo na hatimaye kuuzwa ng'ambo ya mto; wakaandika kwamba baba aweza kumwuza mwanawe, na kwamba mwana huwa huru mbali na baba akiisha kuuzwa mara tatu; wakaandika kwamba mtoto aliyezaliwa na kilema kikubwa auawe. Kalamu iliihifadhi sheria, lakini kuihifadhi sheria na kuifanya iwe ya haki ni mambo mawili, na mtu anayeyachanganya hawezi kuamua baina ya mataifa.

Uwandani baba hakuwa na uwezo huo. Mtoto alikuwa wa litawa la mama yake, na mjomba ndiye aliyesimama mbele ya wazee kwa ajili yake; mume aghalabu alikwenda kukaa na kufanya kazi kwa wakwe zake, na mke hakutoka katika ulinzi wa ndugu zake kwa sababu ya kuolewa, ilhali mwanamke wa Kirumi aliyeolewa kwa taratibu ya kale aliingia mkononi mwa mumewe na kuhesabiwa mbele ya sheria kama binti yake. Silifichi upande wa pili. Mjomba naye, hasa katika zama za biashara ya watumwa, aliweza kumtoa mpwa wake kuwa rehani ya deni, na wakuu wa Kiyao walipeleka misafara ya watu waliofungwa hadi Kilwa na Lindi. Hayo yalikuwa maovu, na yaitwe maovu. Lakini anayeyataja ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ustaarabu, na ataje pia kwamba mwaka 71 KK Warumi waliwasulubisha watumwa 6,000 kando ya barabara ya Appia baada ya uasi wa Spartacus, kisha aitumie hukumu ile ile. Akiona kwamba hukumu hiyo haiwezi kutamkwa juu ya Roma, basi aiondoe na juu ya Newala.

3. Juu ya unga uliomwagwa chini ya mti

Katika hoja zote hakuna iliyowaumiza watu wetu kuliko hii ya dini. Wazee wa Kiyao walimimina unga chini ya mti wa msolo, wakawaita wafu wao kwa majina na kuwaomba wawaombee. Wamakonde na Wamakua walifanya matambiko yao kwa namna iliyokaribia hiyo. Na juu ya wafu wote walimjua Mungu, ambaye Wayao walimwita Mlungu, Wamakonde Nnungu, na Wamakua Muluku. Yote hayo yamefungwa katika fungu moja na kuitwa ushirikina wa giza.

Na Warumi je? Kila sadaka yao kubwa ilianza kwa unga: nafaka iliyokaangwa na mabikira wa mungu wa kike Vesta, ikasagwa, ikachanganywa na chumvi, ikanyunyizwa juu ya kichwa cha mnyama kabla ya kuchinjwa. Kila mwaka, tangu tarehe 13 hadi 21 Februari, walifanya siku za wazazi wao waliokufa, wakayapelekea makaburi nafaka, chembe za chumvi, mkate uliolowekwa katika divai na maua. Kila nyumba ilikuwa na mahali pa miungu walinzi wa jamaa. Mwezi wa Mei baba wa nyumba aliamka usiku wa manane, akatembea miguu mitupu huku akitupa maharage meusi nyuma yake ili mizimu iyaokote na kuondoka. Hawakuwa na kitabu cha imani kama tunavyokifahamu sisi, Waislamu na Wakristo. Watumishi wa dini yao aghalabu walikuwa watu wa siasa, hata Julius Caesar alichaguliwa kuwa kuhani mkuu mwaka 63 KK pasipo kupita katika chuo chochote cha dini. Jemadari hakuanza vita kabla ya kutazama jinsi kuku watakatifu wanavyokula, na mwaka 249 KK, Claudius Pulcher alipowatosa baharini kuku waliokataa kula, kisha akashindwa vitani, watu waliamini kwamba kosa lake lilikuwa hilo.

Basi unga wa Roma umekuwa mlango wa somo la dini za kale, na unga wa Masasi umekuwa ushahidi wa kukosa dini. Mimi sidai kwamba imani hizo ni za kweli. Mwislamu na Mkristo wana haki kamili ya kuzikataa zote mbili kwa ajili ya Mungu mmoja, na hukumu hiyo ni ya adili kwa kuwa inawahusu wote. Ninalokataa ni hukumu ya nusu, inayomwadhimisha mwabudu sanamu wa Ulaya na kumdharau mzee wa Kiafrika aliyelitaja jina la Muumba kabla ya kulitaja jina la babu yake.

Wataniambia habari ya mwavi, ile sumu waliyonyweshwa watu waliotuhumiwa uchawi. Najua. Mwavi uliwaua watu wasio na hatia, na kukoma kwake ni heri. Lakini mwaka 331 KK, katika mji wenye seneti na sheria iliyoandikwa, wanawake wapatao 170 walihukumiwa kwa tuhuma ya kuwatilia watu sumu, katika mwaka ambao maradhi yalikuwa yakiua watu wengi na hofu imewatawala waliobaki. Hofu ya sumu na uchawi ni maradhi ya binadamu, wala hayakuzaliwa uwandani.

4. Juu ya jando na unyago

Hoja ya nne ni kwamba watu hawa hawakuwa na elimu, na kwamba jando na unyago vilikuwa ngoma na maumivu tu. Anayesema hivi na aieleze habari ya Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926. Mtu huyu hakuja kulipenda jando. Alikuja kuhubiri Injili. Lakini aliona kwamba kijana asiyepita likumbini, yaani katika kambi ya jando, hakuhesabiwa kuwa mtu mzima, hakupata nafasi katika baraza la wazee wala heshima katika ndoa, na kwamba Kanisa likimlazimisha achague baina ya ubatizo na utu uzima, wengi wangechagua utu uzima. Kwa hiyo alilichukua jando lenyewe, akaliweka chini ya sala za Kikristo, akaondoa aliyoyaona hayafai, akaacha kambi, mafundisho, makungwi na furaha ya kutoka. Je, mtu mwenye shule, kanisa na hospitali huazima chuo kutoka kwa watu wasio na chuo? Kitendo cha Askofu kilikuwa ushahidi mkubwa kuliko maneno yote ya wadharau.

Walakini palikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika ripoti zilizosifiwa Ulaya. Idhini ya jando ilikuwa ya mkulungwa, nayo ilikuwa mojawapo ya nguzo za utawala wake; ilipohamia kwa padri, mkulungwa alipungukiwa na serikali, si na ngoma tu. Watu waliogawanyika kwa jando la Wakristo, jando la Waislamu na jando la kienyeji hawakuwa tena rika moja lililofundishwa mahali pamoja. Kisha wajukuu wa wale waliopunguzwa mamlaka namna hii huambiwa kwamba babu zao hawakuwa na mamlaka kamwe.

Warumi nao walikuwa na kivuko chao. Mtoto wa kiume alivaa hirizi shingoni tangu utoto, na siku ya kuwa mtu mzima, ambayo mara nyingi ilikuwa tarehe 17 Machi, aliivua na kuiweka mbele ya miungu ya nyumba, akavikwa vazi la wanaume, akapelekwa mjini hadharani. Habari hii husomwa kwa taadhima. Mtoto wa Newala aliyekaa kambini miezi, akafundishwa adabu kwa wakubwa, kazi, mafumbo ya nyimbo na mipaka ya ndoa, habari yake husomwa kwa aibu, ama haisomwi kabisa.

5. Juu ya nyumba, chakula na maji

Katika maisha ya kila siku dharau huwa nyepesi, kwa sababu hapo mtu hahitaji hoja, humtosha kucheka. Huchekwa nyumba ya fito na udongo. Lakini Vitruvius, mjenzi wa zama za Augusto, aliandika kwamba angependa kuta za fito zisingebuniwa kamwe kwa jinsi zinavyoshika moto, na asingeandika hivyo kama mji wake haungejaa kuta hizo. Maskini wa Roma alikaa katika ghorofa iliyoweza kuanguka au kuungua usiku mmoja, naye alilipa kodi kwa tajiri. Maskini wa uwandani alikaa katika nyumba yake mwenyewe, akaijenga kwa msaada wa jirani. Huchekwa panya, ambao watu wa Masasi na Newala huwaita samaki nchanga, yaani samaki wa mchangani. Lakini wakuu wa Roma walifuga wanyama wa jamii ya panya katika mitungi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wakawanenepesha, wakawaandaa mbele ya wageni wa heshima, na namna ya kuwapika imo katika kitabu chao cha mapishi kinachoitwa kwa jina la Apicius. Chakula ni jambo la nchi na desturi, na anayemdharau mtu kwa chakula chake, ming'oko iliyochimbwa msituni wakati wa njaa au uji wa mtama, hajasema neno lolote juu ya akili ya mtu huyo.

Maji ni jambo zito zaidi, na hapo sicheki wala sikubali kuchekwa. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua huzama katika udongo wenye mchanga, na chemchemi hutoka chini, kwenye miteremko na mabonde. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na mitungi na kupanda nayo kichwani, na mifumo ya kusukuma maji kwa mashine haikuanza hadi miaka ya 1950. Wenye rai hii huuliza: watu wenye akili huchaguaje kukaa mahali pasipo maji? Jibu ni kwamba walichagua uhai. Mahali penye maji mengi palikuwa njia ya Wangoni na njia ya misafara ya watumwa. Mahali pasipo maji palikuwa na vichaka ambavyo adui hakuvipenya kwa urahisi, na udongo uliokubali mtama, muhogo na kunde. Mwanamke aliyepanda na mtungi alilipa kila siku bei ya usalama wa watoto wake, na bei hiyo ilikuwa nzito, na ilimwangukia yeye kuliko mumewe. Huo ndio ubaya wa kweli wa maisha ya uwandani, nao haustahili kutumiwa kama ushahidi wa ujinga wake. Ama mifereji ya Roma, wa kwanza ulichimbwa mwaka 312 KK, na baadhi ya iliyofuata ilijengwa kwa mali iliyotekwa kwa mataifa mengine. Na Frontinus, aliyekuwa msimamizi wa maji mnamo mwaka 97 BK, aliandika malalamiko marefu juu ya watu waliotoboa mabomba na kuiba maji ya umma. Tuisifu kazi ya wahandisi wake, lakini tusisahau kuuliza ni nani aliyeilipia.

6. Juu ya gharama ya rai hii

Pengine msomaji ataona kwamba rai hii ni ya zamani, na kwamba imekwisha madhara. Laiti ingekuwa hivyo. Kila serikali iliyoamini kwamba uwandani hapakuwa na serikali ilijitwalia haki ya kuanza upya juu ya migongo ya watu.

Wajerumani waliweka maakida na majumbe, na tangu 1898 wakadai kodi ya nyumba, katika nchi ambayo hawakutafuta kwanza kujua nani alikuwa na haki ya kudai nini. Na moto wa Maji Maji ulipowaka mwaka 1905 uliifika Masasi nayo. Mwaka uliofuata Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani, alipita Masasi, Newala na Mahuta akikusanya vyombo na vinyago, akinasa sauti za watu kwa mashine, akivipeleka Leipzig. Na vinyago vilivyohesabiwa kuwa na thamani ya kuhifadhiwa Ulaya vilitoka kwa watu waliohesabiwa kuwa hawana lolote la kuhifadhi. Waingereza nao, waliotaka kutawala kwa kupitia wenyeji baada ya sheria ya 1926, walitafuta machifu mahali ambapo mamlaka yalikuwa ya wakulungwa wengi. Walipowapata wakulungwa, waliuona wingi wao kuwa mzigo, wakarudia maliwali, ambao walikuwa na mamlaka kutoka juu na hawakuwa na chirambo chini. Na mwaka 1963, serikali ya taifa huru ilipouondoa uchifu, watu wengi walidhani kwamba uwandani kilichoondolewa kilikuwa cha wazee, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa ya wakoloni.

Kisha likaja jambo la vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa mkoa wa Mtwara walihamishwa kwa wingi kuingizwa vijijini, kwa nia iliyosemwa kuwa njema, yaani shule, zahanati na maji. Lakini nyuma ya nia hiyo palikuwa na dhana ile ile ya zamani, kwamba makao yaliyotawanyika ni dalili ya kukosa taratibu. Hayakuwa hivyo. Kila makao yalikaa karibu na mikorosho yake, kwa haki ya ardhi iliyojulikana. Watu walipohamishwa, mikorosho ilibaki mbali, ikamezwa na msitu. Tanzania, iliyovuna tani 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74, ilishuka hata tani zipatazo 17,000 katika msimu wa 1986/87. Sisemi kwamba kuhamishwa peke yake kulilileta anguko hilo. Bei ndogo kwa mkulima na ugonjwa wa ubwiri unga vilikuwa na sehemu yake kubwa. Nasema kwamba ramani ya virambo, kama ingetazamwa kuwa ni kazi ya watu waliofikiri, ingeonyesha mapema kile ambacho hasara ilikuja kukionyesha baadaye.

7. Juu ya mpaka wa hoja yangu

Mtu asinielewe vibaya. Sikuiweka Roma kando ya Newala ili kusema kwamba watu wetu wamekuwa wema kwa kufanana na Warumi; huko kungekuwa kuwapa tena Warumi kiti cha hakimu. Sidai pia kwamba wakulungwa walikuwa na majeshi, barabara na maktaba, maana hawakuwa nayo, na anayewapa kwa maneno kile ambacho hawakuwa nacho huwavunjia heshima sawa na yule anayewanyima walichokuwa nacho. Ninalodai ni kipimo kimoja. Ikiwa mamlaka yenye mipaka ni serikali, basi ni serikali katika nchi zote mbili. Ikiwa kuwakumbuka wafu kwa unga ni upumbavu, basi ni upumbavu kotekote. Ikiwa utumwa humwondolea mtu jina la ustaarabu, basi Roma ndiyo ya kwanza kulipoteza.

Kwa sababu hiyo, walimu wa Masasi na Newala wasiridhike na somo la tarikhi linaloanzia bomani. Wazee wanaofahamu mipaka ya virambo, majina ya matawi ya ukoo na taratibu za mabaraza wanazidi kupungua, na kila mmoja anayekufa bila kuulizwa anaondoka na sehemu ya katiba ambayo haikuandikwa mahali pengine. Kazi ya kuyaandika hayo, pamoja na mazuri na mabaya yake, haiwezi kungojea mtaalamu mwingine kutoka Leipzig. Na mwanafunzi wa Newala anayeulizwa katika mtihani jinsi Warumi walivyojitawala karne tano pasipo mfalme, na aulizwe pia jinsi nchi yake ilivyojitawala; na asiyeweza kulijibu swali la pili asihesabiwe kuwa amelifahamu la kwanza.